Fedha za Wazee Uganda: Mlango Upi, Umri Upi

Siku ya malipo ya wazee kwenye gombolola moja, ngazi iliyo chini ya wilaya, huko Busia utaijua kabla hujafika. Boda boda zinapishana zimebeba akina bibi waliovaa gomesi zao za kanisani, fimbo wamezilaza mapajani. Chini ya mwembe pamepangwa mabenchi yaliyoazimwa shuleni, gari la benki limeegeshwa kivulini, na askari mwenye bunduki ameshika kikombe cha chai. Nilikuwa hapo na wanafunzi wangu wa ustawi wa jamii. Bibi mmoja aliitwa mezani, akaweka kidole gumba kwenye kimashine, kikamkataa. Akakifuta kwenye gomesi, akaweka tena, kikamkataa. "Jaja, jaribu kingine," karani akamwambia kwa upole, na yeye akajaribu kingine, na kingine. Mikono iliyopalilia mihogo na kuanika dagaa miaka 60 huwa imesuguka hata alama zake hazisomeki. Kidole cha saba ndicho kilichokubaliwa.

Pembeni, kwenye shina la mwembe, alikaa mama mwingine aliyekuja naye kwa boda ile ile. Huyo hakuitwa. "Mwalimu, mbona yule mama jina lake halisomwi?" mwanafunzi mmoja akaniuliza. Tukaenda kumsalimu. Wawili hao ni majirani tangu ujana wao. Waliolewa mwaka mmoja, mwaka wa Uhuru, 1962. Tukaomba kuona vitambulisho. Wa kwanza ameandikwa kuzaliwa mwaka 1942. Wa pili, 1952. Kwa hesabu ya kadi yake, mama yule aliolewa akiwa na miaka 10.

Watu wengi wanaamini iko ofisi moja ya wazee, mahali ambapo mtu huingia na fimbo yake akatoka na kila anachostahili. Uganda haina ofisi ya namna hiyo. Kuna milango kadhaa, na kila mmoja una umri wake, mfuko wake na kalenda yake. Nimeona familia zikipoteza miaka zikibisha hodi kwenye mlango usio wao, kisha zinarudi nyumbani zikisema serikali imewatupa wazee. Wakati mwingine ni kweli imewatupa. Mara nyingi zaidi walikwenda mlango wa 80 wakiwa na 67, wakati wa 60 ulikuwa jirani tu. Na karibu milango yote hufunguliwa na ufunguo mmoja, tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi. Ile unayoijua wewe moyoni haisaidii.

Mzee ni nani, na nani amesema

Katiba ya 1995, kwenye malengo ya taifa yanayotangulia vifungu vyenyewe, inasema serikali itaweka utaratibu unaofaa kwa ajili ya ustawi na matunzo ya wazee. Neno "unaofaa" limekatwa na mafundi: linavutika. Mwaka ukiwa na pesa linarefuka, mwaka mkavu linafupika, na hakuna anayeweza kwenda mahakamani akiwa na kipimo mkononi. Kifungu cha 32 kinakwenda mbali kidogo, kinaitaka serikali iyanyanyue makundi yaliyoachwa nyuma kwa sababu ya mambo kama jinsia, ulemavu au umri.

Mwaka 2009 ikaja Sera ya Taifa ya Wazee, na mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria iliyounda Baraza la Taifa la Wazee. Kwa sheria hiyo, mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu umri wa 60 unakupa haki ya kuchagua na kuchaguliwa katika mabaraza ya wazee, unakufanya uhesabiwe katika mipango, lakini wenyewe hauleti hata shilingi. Pesa zina umri wake. Mfuko wa NSSF, akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa sekta binafsi, unafungua kwa miaka 55. Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na 60. Ruzuku ya kila mwezi kwa wazee, ambayo vijijini wanaiita "pesa za SAGE" kwa jina la mpango wenyewe, inamngoja mtu afikishe 80.

Namna pesa za SAGE zilivyofika kwenye miaka 80

Mpango ulianza mwaka 2010 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, kwa majaribio, katika wilaya 14 na baadaye 15. Kaskazini magharibi ziliingia Nebbi, Zombo na Yumbe. Mashariki Katakwi na Kaberamaido. Magharibi Kyenjojo na Kyegegwa. Na Karamoja zilikuwamo Moroto, Napak, Amudat na Nakapiripirit. Huko umri ulikuwa 65, na Karamoja 60, kwa kuwa maisha ya kule ni magumu na watu wachache hufika mbali. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Uingereza na Ireland. Serikali yetu ilitoa fungu dogo na kuahidi kuliongeza.

Mwanzoni kulikuwa na ruzuku mbili. Ya pili ilikuwa ya familia dhaifu, zile zenye walemavu, yatima na watoto wengi kuliko mikono ya kufanya kazi, zilizochaguliwa kwa fomula. Ilikufa. Vijiji havikuielewa fomula: kwa nini nyumba hii na isiwe ile, na zote zinalala njaa? Umri, kwa upande mwingine, kila mtu aliukubali. Ukimwona mzee umemwona. Wapangaji walilipenda hilo, na mimi nalielewa pendo lao, ingawa yule mama wa Busia angewaambia kwamba hata umri una ubishi wake.

Kuanzia 2015 mpango ukaongezwa katika wilaya nyingine 40 kidogo kidogo, na huko haikuwa tena kila mwenye miaka 65. Walichukuliwa wazee 100 wenye umri mkubwa zaidi katika kila gombolola. Fikiria wewe ni mtu wa 101. Malalamiko hayakwisha, na wabunge wakaja juu wakidai nchi nzima ipate. Ikapata, kuanzia mwaka wa fedha 2019/20 na uliofuata, lakini kwa kupandisha umri hadi 80. Waliokuwa wakilipwa tangu majaribio waliachwa waendelee. Ndiyo maana Nebbi unaweza kumkuta mzee wa miaka 76 anayepokea, na mdogo wake wa 74 hapokei wala hatapokea leo, ingawa wanakaa boma moja. Hakuna aliyeiba. Mmoja aliingia kabla mlango haujapandishwa.

Basi 80 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kikokotoo. Ruzuku ni shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Wanaolipwa miaka ya karibuni wamekuwa takriban 300,000 nchi nzima. Zidisha: bilioni 90 kwa mwaka, kabla hujalipa benki, magari, karatasi na mishahara ya wanaoandaa orodha. Ukitaka kushusha umri ili waingie wazee wengine 100,000, utafute bilioni 30 za ziada, na utafute tena mwakani, na mwaka ule mwingine. Wizara ya Fedha inapokataa, inakataa hesabu hiyo. Mbunge anapopiga meza akidai 65, mwulize amekata wapi.

Husikika pia hoja kwamba Mganda wa kawaida anaishi takriban miaka 68, kwa hiyo 80 ni dhihaka. Hoja ina ukweli lakini imepinda. Ile 68 ni wastani tangu kuzaliwa, na ndani yake wamo watoto waliokufa wachanga. Mtu aliyekwisha kufikisha 60 ana nafasi nzuri ya kwenda mbali kupita 68. Kinachoniuma mimi ni kingine: kati ya 60 na 80 ndipo nguvu za jembe huisha, ndipo mjane hunyang'anywa shamba, ndipo bibi analea wajukuu watano ambao wazazi wao wamekufa au wako Kampala wakihangaika. Miaka 20 hiyo ndiyo yenye gharama, na ndiyo ruzuku imeiruka.

Na ile 25,000 yenyewe imekaa pale pale miaka 10 na zaidi. Bibi wa kidole cha saba alipokea malipo ya miezi mitatu, shilingi 75,000. Alinihesabia mbele yangu, noti juu ya kitenge alichotandaza. 6,000 za boda, kwenda na kurudi. Deni la sukari na sabuni dukani, 18,000. Daftari za wajukuu. Akatenga 20,000 kwa kuku wawili majike, akasema hao ndio benki yake. Zilizobaki akazifunga kwenye ncha ya kitenge bila kunionyesha, na sikuuliza.

Safari ya shilingi, na mahali inapokwama

Pesa hizi sasa zinatoka kwa mlipa kodi wa Uganda. Wafadhili walijitoa hatua kwa hatua. Zinaanzia kwenye bajeti inayopitishwa na Bunge, zinakaa kwenye fungu la wizara, na Wizara ya Fedha huzitoa kwa robo mwaka. Wizara ya Jinsia huzipeleka benki. Hapo mwanzo zilipitia simu, kisha ikaja PostBank na magari yake yanayozunguka vituo vya malipo. Chini kabisa yuko afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, yule mnayemwita CDO, pamoja na mkuu wa muluka, ngazi kati ya gombolola na kijiji, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ambao huthibitisha nani yu hai, nani amehama, nani amefariki.

Mzee anayekaa mwezi wa nne bila kusikia tangazo hudhani CDO amekula. Inawezekana, binadamu ni binadamu. Lakini sababu za kawaida ni kavu zaidi. Makusanyo ya kodi yakiwa chini ya matarajio, Wizara ya Fedha hukata au kuchelewesha robo, na mishahara hulipwa kwanza. Orodha ikiwa chafu, yaani ina marehemu, haipitishwi mpaka isafishwe. Kwa hiyo msiba ukitokea, toeni taarifa kwa mwenyekiti wa LC mapema. Kuficha kifo ili familia ivute robo moja zaidi ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo kunachelewesha jirani zenu wote.

Mzee asiyeweza kufika kituoni, aliyelala kitandani au asiyeona, anaruhusiwa kuandikisha mtu wa kumpokelea. Aandikishwe mapema, mbele ya CDO, akiwa bado na sauti ya kusema anamtaka nani. Nimekuta mara nyingi kwamba anayejitolea kwa haraka kupokea siye anayemwogesha mzee. Andikisheni anayemwogesha.

Ni lazima niseme jambo moja ambalo vipeperushi vyetu, pamoja na vile nilivyoandika mimi mwenyewe, hulipitia haraka. Ruzuku ya wazee inasimama juu ya sera na bajeti. Hakuna sheria ya Bunge inayosema kila Mganda wa miaka 80 atalipwa kiasi fulani, na kwamba akikosa anaweza kudai. Mstaafu wa serikali ana Katiba nyuma yake. Bibi wa Busia ana mstari mmoja kwenye kitabu cha bajeti, na mstari huandikwa upya kila mwaka.

Kadi na tarakimu za mwaka

Chukua kitambulisho cha taifa cha mzee wako, tazama NIN, yaani namba yake ya utambulisho. Ina herufi na tarakimu 14. Ya kwanza ni C, yaani raia. Ya pili ni M kwa mwanamume au F kwa mwanamke. Ya tatu na ya nne ni mwaka wa kuzaliwa: CF44 ni mwanamke aliyeandikwa 1944. Hapo ndipo mashine inapotazama. Orodha ya wanaostahili ruzuku huanzia kwenye kumbukumbu za NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili. Kompyuta inachuja waliofikisha 80, haijui mvi wala mgongo uliopinda.

Uandikishaji mkubwa wa kwanza ulifanyika 2014, kwa haraka, foleni ndefu, makarani vijana wakiwauliza wazee mwaka wa kuzaliwa kwa lugha ambayo wengine hawaijui. Mzee aliyezaliwa "mwaka wa nzige" alikadiriwa. Wengine walijipunguzia miaka wenyewe wakihofia kwamba ni njama ya kuwanyima mkopo au ardhi. Mwanamume mmoja wa Tororo alinikiri kwamba alitaja 1958 kwa sababu mke wake mdogo alikuwa amesimama nyuma yake kwenye foleni. Tulicheka pamoja, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Mambo haya yalifikishwa hadi mahakamani. Mwaka 2022 mashirika ya haki, likiwamo ISER la Kampala, yalifungua kesi Mahakama Kuu yakisema kumfungia mtu huduma kwa sababu ya kitambulisho kunawanyima wazee haki zao. Wewe usingoje kesi. Kosa la tarehe hurekebishwa ofisi ya NIRA ya wilaya kwa fomu na ushahidi, na ushahidi ndio kazi. Kadi ya ubatizo au ya kipaimara ni nzuri sana. Kanisa Katoliki na lile la Uganda hutunza vitabu vya zamani kuliko serikali. Waislamu wengine wana kumbukumbu za ndoa. Risiti za kodi ya kichwa, zile tiketi ambazo wanaume walizificha hata kwenye soksi wasikamatwe, zimesaidia watu, kwa kuwa mtu hakutozwa akiwa mtoto. Kodi ile ilifutwa 2005, kwa hiyo chungulia kwenye sanduku la mzee kabla panya hawajamaliza. Na vitambulisho vya mwanzo muda wake wa miaka 10 umekwisha. Anayehuisha sasa aikague tarehe hapo hapo kabla hajaondoka kwenye dirisha.

Kwa wenye miaka 60 hadi 79

Kundi hili halina ruzuku ya kila mwezi, lakini lina milango miwili inayopitwa. Wizara ya Jinsia ina ruzuku ya miradi kwa vikundi vya wazee wa umri huo: ufugaji, biashara ndogo, mashine ya kusaga. Hutolewa kwa kikundi kilichoandikishwa, si kwa mtu mmoja mmoja, na maombi hupitia kwa CDO. Mlango wa pili ni PDM, mpango wa maendeleo wa muluka uliozinduliwa Februari 2022. Miluka yote 10,594 ilipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya ikikopa hadi milioni moja kupitia SACCO ya muluka, na asilimia 10 imetengwa kwa wazee. Huu ni mkopo wa riba nafuu, utarudishwa. Nawaambia wazee waziwazi: kama huna nguvu za kukimbizana na nguruwe, usikope kwa ajili ya nguruwe wa mjukuu. Deni litaandikwa jina lako.

Katika vikao vya SACCO wazee husahaulika kirahisi. Vijana hufika na simu, akina mama wana vikundi vyao, mzee anafika saa tano mkutano umekwisha. Asilimia 10 ni ya kudaiwa, na wa kuidai ni wale madiwani wawili wa wazee, mwanamume na mwanamke, waliomo katika baraza la gombolola. Kama huwajui majina yao, muulize katibu wa gombolola.

Waliokuwa na mshahara

Hapa nitapita upesi, maana wenye mshahara wana pa kuuliza. Mtumishi wa umma hakatwi kitu kwa ajili ya pensheni yake. Hulipwa na hazina kuu, kiinua mgongo kwanza kisha kila mwezi. Kifungu cha 254 cha Katiba kinasema pensheni haitozwi kodi, ilipwe kwa wakati, na irekebishwe thamani ya pesa inaposhuka. Tangu 2015 malipo yamegatuliwa: mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafia Tororo anafuatilia Tororo, asipande basi kwenda Kampala kulala stendi kama baba zetu walivyofanya. Huthibitisha mara kwa mara kwamba yu hai, na akipuuza zoezi hilo jina hufutwa. Waliotumikia jeshi wana dirisha lao katika Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Askari Wastaafu. Wajane wa askari, ambao wengi wao Kiswahili ndicho lugha ya nyumba, waende na barua ya LC, cheti cha kifo na namba ya jeshi ya marehemu. Namba hiyo ikipotea kazi huwa ndefu.

Sekta binafsi ni NSSF: mfanyakazi asilimia 5 ya mshahara, mwajiri 10, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri wa mtu mmoja anapaswa kuchangia. Pesa hutolewa mara moja, kwa mkupuo, ukifikisha 55. Marekebisho yale yanaruhusu aliyefikisha 45 na kuchangia miaka 10 kuchukua asilimia 20 ya akiba. Watu walishangilia. Mimi naiona kama kuku anayeliwa akiwa kifaranga, ila najua karo haingoji uzee wa mtu.

Matibabu, na malezi ya wasio na mtu

Ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, kwa hiyo hakuna mzee wa kulipishwa kumwona mganga kwenye kituo cha afya cha ngazi ya pili, ya tatu au ya nne. Shida ni dawa. Mzee wa presha na kisukari anahitaji vidonge kila siku, na dawa hizo zikikauka anaandikiwa karatasi ya kwenda kununua. Hapo ndipo zile 25,000 huishia. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, haukupata kuwa sheria. Wakati huo huo, mwambieni VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, awe na orodha ya wazee wa presha, na muulize kituo siku ya kliniki ya magonjwa sugu. Kufika siku nyingine ni kukaa foleni moja na watoto wa malaria.

Nyumba za wazee za serikali usizitafute. Sera yetu inamweka mzee mikononi mwa ukoo. Zilizopo ni za dini zaidi. Maarufu ni ile ya Bakateyamba, Nalukolongo, Kampala, aliyoianzisha Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kuwaachia masista wa Msamaria Mwema. Papa Francis aliitembelea Novemba 2015. Nyumba kama hizi huishi kwa sadaka na mashamba yao. Anayedhani ukoo unatosha akaone nani analetwa pale na gari usiku.

Kalenda ambayo wazee hawaalikwi

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Watu hufungua redio mwezi Juni bajeti inaposomwa, na hapo kila kitu kimekwisha kupikwa. Wilaya hufanya mikutano ya bajeti Oktoba na Novemba. Mpango wa awali wa bajeti ya taifa lazima ufike Bungeni kabla ya 31 Desemba, makadirio kamili kabla ya 1 Aprili, na Bunge hupitisha kufikia 31 Mei. Mwenye neno kuhusu wazee alisemee wakati wa mavuno ya pili, akiwa bado shambani, si wakati redio inapiga ngoma.

Sheria ya fedha za umma ya 2015 iliweka kitu ambacho wachache wanakijua: kila wizara lazima ipate cheti kwamba bajeti yake imejali jinsia na usawa, wakiwamo wazee, na cheti hicho hupimwa na Tume ya Fursa Sawa. Ndiyo hoja nzuri kuliko machozi. Ukiuliza kwenye mkutano wa wilaya, "Katika fungu hili la afya, la wazee ni lipi?" afisa mipango atatafuta kalamu. Uliza kwa Kiswahili ukipenda. Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Juu huko wazee wana wabunge watano tangu uchaguzi wa 2021. Wilaya zenyewe zinategemea karibu kila kitu kutoka Kampala, na ruzuku inayofika kwa ajili ya mabaraza ya wazee ni ndogo kiasi kwamba mkutano mmoja na chai yake unaimaliza.

Tulirudi Busia baada ya miezi miwili. Yule mama aliyeandikwa 1952 alikuwa hana kadi ya ubatizo. Ilichomeka na nyumba zamani. Tukamuuliza kuhusu mtoto wake wa kwanza. Marehemu, akasema, lakini alibatizwa. Padri akatufungulia kitabu cha parokia, kurasa zimekuwa rangi ya chai, akatelemsha kidole mpaka 1964, na jina la mama lilikuwapo, mwandiko wa mshazari wa wino wa bluu. Mwanafunzi wangu akanakili, padri akagonga mhuri. Kwenye dirisha la vitambulisho karani aliusoma, akasoma tena kadi, akahesabu kwa vidole mezani: hamsini na mbili, sitini na nne. Akainua macho akamtazama mama, kisha akachukua fomu.